Siku Tuliyomucheka Baba

6 Novembre 1954

Ma sœur, mutawa anayetufundisha, alinipa daftari hii kwa dictée, imla ya Kifaransa. Mbele nitaandika Kifaransa. Nyuma nitaandika haya, kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu ma sœur anakisoma na wino mwekundu mukononi, na mambo yangu sitaki muntu ayatie wino.

Mimi Germaine, miaka kumi na sita, wa Kamalondo, mutaa wa bantu weusi hapa Élisabethville. Baba yangu Godefroid ni tailleur, fundi wa kushona nguo. Mashini yake iko kwenye barza, bantu bote ba avenue yetu banamujua. Mimi bananijua tu kama "ule mutoto wa tailleur, mwenye hasemake". Ni kweli. Mbele ya bantu maneno yananikauka kinywani. Kwa hiyo naandika.

Leo tulimuzika mujomba wa baba, Chanda, na kilio kilikuwa hapa kwetu. Kwao baba, kule Sakania, ukoo unapita kwa mama. Baba na mujomba wake ni ba ukoo wa Mbuzi. Na Mbuzi ana banungwe bake, ndio batani bake: bantu ba ukoo wa Chui. Siku ya kilio ni Chui banachimba shimo, banaosha maiti, na banatukana bafiwa, banabanyang'anya bukari, ugali wao, kwenye sahani, banabachekesha kwa nguvu. Na sheria ni moja: kwa munungwe hakuna kosa. Anaweza kukuita mwizi, anaweza kukumwagia maji. Ukikasirika, wewe ndiye mukosefu, utalipa kuku.

Mama yangu Madeleine ni muntu wa Mitwaba. Desturi hii si yao. Miaka kumi na minane ya ndoa, bado anasema: "Ninyi bantu ba Sakania, kilio yenu iko kama fête, kama sikukuu." Leo alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vyungu, na banamuke benzake.

Chui mukubwa wa leo alikuwa Ba Mwape, fundi wa matofali, rafiki wa baba wa kila siku. Alivaa gunia, alijipaka madoa ya majivu. Baba alikuwa amesimama tangu asubuhi. Aliona kiti cha muti karibu na kinu, akataka kukaa. Mwape akaja nyuma yake polepole, magoti yamekunjwa, kidole mudomoni ili sisi tunyamaze. Akavuta kiti.

Baba alianguka kinyumanyuma. Kisogo chake kiligonga mudomo wa kinu. Nilisikia. Ni sauti ya boga likianguka kwenye sementi.

Kisha Mwape akapiga kelele: "Mbuzi iko chini! Leteni chumvi!" Bantu bakaanza kucheka. Baba alikaa pale chini, macho yake yakaenda mbali, yakarudi. Akamutazama Mwape. Akafungua kinywa:

"Mee-e-e!"

Kicheko kikapasuka. Hata mujane wa Chanda alicheka, machozi ya kilio bado usoni.

Mimi pia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

7 Novembre

Mvula kubwa ya kwanza. Mama aliona uvimbe nyuma ya kichwa cha baba.

"Baba Germaine, hii nini?"

"Niligonga mulango."

Alinitazama mimi wakati wa kusema. Nikashika ufagio. Kulalamika juu ya munungwe ni aibu, hata kwa bibi yako.

8 Novembre

Dictée: makosa saba.

15 Novembre

Hakuna neno. Baba anashona, anaimba wimbo wa treni ya Sakania, kuvimba kumekwisha.

21 Novembre

Habari kubwa. Tarehe nane ya mwezi unaokuja ni sikukuu ya Bikira Maria, na mwaka wote huu ni mwaka wake, kwa hiyo masomo yote, shule zote za Élisabethville, yatafanya procession, maandamano ya sala. Basichana ba masomo yetu tutavaa nguo nyeupe na mukanda wa bluu. Nguo thelathini. Ma sœur alimupa nani kazi? Baba yangu! Alikuja na utepe shingoni kutupima. Baba anapima kwanza kwa macho, anataja hesabu, kisha anaweka utepe kwa kuwaonyesha bantu tu kwamba hakukosea. Hakukosea hata mara moja. Benzangu balinitazama kama nimeota mabawa.

28 Novembre

Kichwa kinamuuma baba kila asubuhi. Mama anasema ni nguo thelathini. Alasiri anasinzia kwenye mashini, muguu bado juu ya pédale. Jana alitupa pasi ya makaa chini kwa sababu nilimuuliza kama atakula. Baba yangu hatupake kitu.

2 Décembre

Mvula siku ya tatu. Baba alienda kununua uzi, akarudi na sandale moja. Muguu wa kushoto ulikuwa mutupu, umejaa matope, na yeye hakujua. Banaume ba barza ya jirani balipiga makofi.

"Godefroid! Leo lutuku imeamuka mbele yako!"

Lutuku ni pombe kali banayopika kwa siri. Polisi akiikuta kwako anakufunga. Baba alicheka pamoja nabo, kicheko cha upande mumoja. Mimi niliona sandale yake kule njiani, katika maji. Sikuenda kuichukua. Niliingia ndani nikafunga mulango.

5 Décembre

Nguo ishirini na tisa ziko vizuri, karibu zote alizishona wiki ya kwanza. Ya thelathini ni yangu, aliiacha mwisho. Mukono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kuume, vidole vitatu vizima. Kola ameishona ndani nje. Nilimwonyesha. Aliishika, akaigeuza, akaigeuza tena, kama muntu anayetafuta mulango wa nyumba.

"Iko muzuri," alisema.

"Baba, haiko muzuri!"

"Iko muzuri, Chola."

Chola ni jina la dada yake aliyekufa.

8 Décembre

Ma sœur aliona nguo yangu akaniweka mustari wa mwisho, nyuma ya batoto badogo, kwa sababu bazungu balikuwa kando ya njia kutazama. Binti ya tailleur! Thelathini zimetoka katika mikono ile, na ile mbovu ndiyo yangu. Niliimba Ave Maria na meno yamefungwa.

Naandika hapa kwa sababu padri sitamwambia: ninamuchukia baba yangu. Ninachukia mudomo wake wenye kulegea, ninachukia anavyokokota muguu. Mama alinusa kinywa chake alipolala. Hakuna lutuku.

"Anaficha," alisema.

"Ananywa nini yenye haina harufu, mama?"

"Banaume banajua kuficha."

12 Décembre

Baba-mukubwa Léonard bado yuko hapa. Ni kaka ya baba, alikuja kwa treni kwa ajili ya kilio, na hawezi kurudi Sakania mpaka ukoo umupate murithi wa jina la Chanda. Leo alimutazama baba akijaribu kufunga kifungo. Mukono wa kushoto ulipapasa shati, ukaanguka, ukapapasa tena.

"Ni kivuli cha Chanda kimemukalia," alisema. "Anataka murithi. Tukimaliza urithi, Godefroid atapona."

Nilitaka kusema: baba-mukubwa, ulikuwa pale, kwenye kinu. Lakini hata mimi sikuwa nafikiri hivyo kwa kweli. Mwezi mumoja umepita. Muntu akianguka anaumia siku ile, si hivi? Na kuanguka kule hakuhesabiwe, kulikuwa kuchezacheza kwa kilio. Hakuna muntu katika nyumba yetu aliyekuhesabu. Ni kama hakukuwako.

16 Décembre

Mama na mimi tulimupeleka dispensaire, zahanati ya mutaa. Infirmier, muuguzi wa pale, ni Désiré, muntu wa Kasai, koti jeupe limepigwa pasi kama karatasi. Alimwambia baba atembee. Baba alitembea kama mashua bila kasia. Désiré alitabasamu, akaandika kwenye fiche, karatasi ya mugonjwa, akatupa aspirini nne.

Njiani nilisoma fiche. *Éthylisme. Repos.* La pili ni kupumzika, neno la kwanza sikulijua. Kesho nitatafuta kwenye dictionnaire, kamusi ya masomo.

17 Décembre

Éthylisme ni ugonjwa wa pombe.

Kweli nitaisema yote: nilifurahi. Sasa ilikuwa imeandikwa, na Kifaransa, na muntu wa koti jeupe. Chuki yangu ilipata karatasi.

19 Décembre

Siku ya Mungu. Baba hakuamuka kwa Misa. Anafungua macho ukimwita, anafunga tena. Ametapika mara mbili. Mama amekaa na beseni mapajani.

20 Décembre

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu. Nina hasira, na sijui hata ni juu ya nani kwanza.

Asubuhi baba hakujibu jina lake. Mama alipiga kelele, jirani bakaja, Mwape akaja mbio na matope ya tofali mikononi. Mvula ilikuwa inamwagika, hakuna gari la kuchukua mweusi Kamalondo siku ya mvula. Mwape alipiga magoti.

"Muwekeni kwa mugongo."

Alimubeba mpaka hospitali ya bantu weusi, njia yote, baba akining'inia, miguu inaburuta. Léonard alishika mwavuli juu yao. Mama alilia. Mimi nilibeba blanketi, na chini ya blanketi daftari hii, kwa sababu sikutaka kuiacha nyumbani na Léonard analala pale. Nilimutazama Mwape kutoka nyuma. Mishipa ya shingo yake ilikuwa kama kamba. Nilitaka kumupenda kwa ile kazi. Sikuweza.

Docteur alikuja saa nne. Ni muzungu murefu mwenye kuzungumza bila kutazama. Désiré alikuwa naye, wa dispensaire yule yule. Siku ya kwanza ya juma anasaidia hospitali. Docteur aliinua kope za baba. Aligonga magoti yake na nyundo ndogo.

"Il dort depuis quand?"

Désiré alituuliza analala tangu lini, mama akajibu siku nyingi, zaidi na zaidi. Docteur akasema maneno niliyoyaelewa: maladie du sommeil, ugonjwa wa usingizi, ule wa mbung'o. Atachoma sindano mugongoni, katika uti, atoe maji ya kupima. Aliagiza sindano. Kisha, akinawa mikono, kama muntu anayeuliza habari ya hewa:

"Pas de coup? Pas de chute?"

Désiré akatugeukia: "Alipigwaka? Aliangukaka kichwa?"

"Hapana," mama alisema. Maskini mama, alisema kweli yake. Mulango, alifikiri mulango.

"Hapana," Léonard alisema. Yeye alikuwa pale! Alisimama kwa kinu, alicheka na tumbo lake lote. Lakini sauti yake haikutikisika, kwa sababu kwake haikuwa uongo. Kwa munungwe hakuna kosa, na pasipo kosa hakuna kilichotokea.

Mwape alitazama miguu yake. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka suruali yake mpaka chini.

"Non, docteur," Désiré alisema. "Rien." Hakuna kitu.

Balimugeuza baba upande, bakakunja magoti yake. Niliona mugongo wake mutupu, mifupa moja moja kama vifungo. Sindano ilikuja kwenye sahani ya chuma. Na kinywa changu kilikauka kama siku zote. Nilijua kwamba kwa Kiswahili sitaweza. Kwa Kiswahili kulikuwa na Léonard, na sheria, na kuku, na miaka yangu kumi na sita. Lakini Kifaransa Léonard hajui. Katika Kifaransa hakuna Chui wala Mbuzi.

Nilisema:

"Il est tombé. Le six novembre. Sur la tête. Et moi, j'ai ri."

Alianguka, tarehe sita, kwa kichwa. Na mimi nilicheka. Sijui kwa nini niliongeza ile.

Sindano ilisimama. Docteur alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Et après? Comment était-il, après?"

Baada ya kuanguka, alikuwaje? Nilitoa daftari. Niliifungua nyuma. Nilisoma Kiswahili changu na kukigeuza Kifaransa, tarehe kwa tarehe, na makosa, bila wino mwekundu: tarehe saba kichwa na uvimbe. Tarehe kumi na tano hakuna neno, anaimba. Ishirini na nane, kichwa kila asubuhi, hasira, usingizi. Tarehe mbili, sandale ya kushoto. Tano, mukono wa nguo. Kumi na mbili, kifungo. Nilisoma hata "ninamuchukia", kwa sababu nilikuwa nimeanza na sikujua kusimama. Docteur hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole: wiki sita.

Alirudi kwa baba, akafungua macho yake mawili pamoja. "Regarde," aliniambia. Nilitazama. Mboni ya kuume ilikuwa kubwa, ya kushoto ndogo. Aliisukuma sahani ya sindano mbali, mpaka ikagonga ukuta.

Halafu alinieleza, haraka, huku bakinyoa kichwa cha baba, na mimi nikamweleza mama. Nitaandika vile nilivyomwambia, kwa sababu mama ni bibi ya tailleur:

"Mama, ndani ya mufupa wa kichwa ubongo umevaa koti. Koti lile lina doublure, kitambaa cha ndani. Pale kati munapita mishipa midogo kama nyuzi. Baba alipoanguka, uzi mumoja ulikatika. Damu haikutoka nje. Imedondoka pale kati, kidogo kidogo, wiki zote hizi, kama maji yanavyoingia katika doublure ya koti: nje unaona kavu, ndani linazidi kuwa zito. Mufupa haupanuki. Ubongo hauna pa kukimbilia. Damu iko upande wa kuume, na ubongo wa kuume ndio unaotuma mukono wa kushoto."

Mama alinisikiliza na kinywa wazi. "Basi si pombe?"

"Si pombe."

"Si Chanda?"

"Si Chanda, mama."

"Sasa atafumua mushono?"

"Atatoboa mashimo mawili, ile damu itoke."

Mama alimugeukia Léonard. "Alianguka wapi?" Léonard akatazama dirisha. "Nauliza: bwana yangu alianguka wapi!" Mwape ndiye aliyejibu, polepole sana: "Kwa kilio, mama. Mimi nilivuta kiti." Mama hakumupiga. Alikaa chini kwenye sementi yenye maji, akavuta kitambaa cha kichwa usoni.

Nilimuuliza docteur jambo moja tena, na sauti yangu ilitoka bila shida: ile sindano ya mugongo, ingefanya nini? Alisema ubongo umesukumwa kutoka juu. Ukitoa maji ya chini kwa ghafula, unashuka, na muntu anakufa mezani.

Yaani angemuvutia kiti mara ya pili.

21 Décembre

Yuko hai. Docteur anasema damu ilikuwa nyeusi kama mafuta ya gari ya zamani, na ilitoka kwa nguvu. Baba amefungwa bandeji kama yai.

Désiré alinikuta kwenye korido.

"Mademoiselle, kwa bantu kumi banaoanguka njiani, tisa ni lutuku."

"Na wa kumi?"

Alirekebisha kola yake. Kola yake ilikuwa tayari imenyooka.

"Wa kumi, monsieur Désiré, unamwandika nini?"

Sijawahi kumwambia mukubwa "unamwandika nini" katika maisha yangu. Alienda zake.

22 Décembre

Ninakasirika na docteur pia. Bantu banamusifu hapa kama Yesu. Aliuliza swali akinawa mikono! Kama ningekuwa nimeacha daftari nyumbani? Kama ningekuwa mutoto wa masomo ya Kiswahili tu?

Na ninakasirika na ule msichana aliyeiacha sandale katika maji.

25 Décembre

Baba alifungua macho. "Germaine," alisema. Si Chola.

Nilitoka nje kulia ili asione.

1 Janvier 1955

Anashika kijiko na mukono wa kushoto. Kinaanguka. Anakishika tena.

9 Janvier

Nilimwomba msamaha baba. Nilimwambia yote: kucheka, sandale, chuki. Alisikiliza. Kisha aliuliza: "Ile nguo, mukono gani ulikuwa murefu?"

"Wa kushoto. Vidole vitatu."

"Vidole vitatu!" Aliumia kuliko kwa mengine yote. "Ilete. Nitaifumua."

23 Janvier

Baba amerudi nyumbani. Anatembea na fimbo. Na leo, leo hii, Léonard aliita ukoo na kunitangazia hukumu. Mutoto alitoa kosa la munungwe nje ya kilio, mbele ya muzungu, mbele ya muntu wa Kasai. Mambo ya kilio hayatoke kwenye kilio. Nitampelekea Mwape kuku.

Mimi! Si aliyevuta kiti. Si aliyesema "hapana" huku mugongo wa ndugu yake uko wazi mbele ya sindano. Mimi!

Nilimutazama baba. Alikuwa anafumua mushono wa nguo yangu, uzi kwa uzi, kwa meno kwa sababu mukono bado ni dhaifu.

"Baba, sema neno."

"Peleka kuku, Germaine. Mwape ndiye atakayenizika siku moja. Bila munungwe, nani atanichimbia shimo na kucheka?"

"Alikaribia kukuchimbia mwezi uliopita!"

"Ndiyo," alisema. "Na wewe ulikataa. Sasa peleka kuku."

Sitaelewa kamwe bantu ba Sakania. Mama alisema hivyo miaka kumi na minane, leo nimesema naye kwa sauti moja.

30 Janvier

Mvula imepumzika. Ukoo ulikaa kwenye barza yetu, Chui upande mumoja, Mbuzi upande mwingine. Nilishika kuku kwa miguu. Bantu kama ishirini, bote macho kwangu. Siku zote nilizoishi niliogopa siku kama hii.

Niliweka kuku mbele ya Mwape.

"Ba Mwape, kuku yenu hii. Nimelipa juu ya kusema." Kinywa kilikauka, nikameza mate, nikaendelea. "Jogoo nimemuacha ndani. Siku nitaona tena muntu anaanguka kichwa, kwa kilio, kwa mchezo, kwa munungwe, kwa mulango, nitahesabu siku, nitasema, na nitaleta jogoo."

"Aa! Huyu mutoto!" Léonard aliruka.

Kisha upande wa Mbuzi, kutoka kinywa cha baba yangu mwenye makovu mawili kichwani:

"Mee-e-e!"

Bakacheka, Chui na Mbuzi, bakapigana mabega. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikabatazama mumoja mumoja, kama baba anavyopima kwa macho. Kicheko kikapungua kwa huyu, kikapungua kwa yule, kikaisha.

Katika Chui, Mwape peke yake hakuwa amecheka. Aliinuka, akaenda pembeni ya kinu, akaleta kiti. Kile kile cha muti. Akakiweka nyuma ya baba, akapiga magoti kwenye matope, akakishika kwa mikono miwili.

"Kaa, Mbuzi," alisema.

Baba alishuka polepole na fimbo yake, muguu wa kushoto ukitetemeka. Bado nina hasira. Ninaiandika na tarehe yake kama yote. Lakini hii pia niliiona: baba alikaa, akaegemea fimbo, akaanza kuzungumza na bantu, na Mwape alikuwa bado chini, amekishika kiti.